Mataruma ndani ya boksi la besi: kazi ya fundi mmoja wa Keko

Ninakodisha maturubai, viti na muziki hapa Tandika, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa. Viti na maturubai havinisumbui. Muziki ndio unaonikosesha usingizi, hasa maboksi yangu manne ya besi, yale ya pembe, yenye spika za inchi 18. Mwezi uliopita nilipeleka mawili Keko kwa fundi seremala, na tangu yarudi wenzangu wa kazi hii wananiuliza nimebadilisha spika gani. Sijabadilisha spika. Nimetengeneza mbao. Naandika yote hapa, pamoja na bei na yaliyoniudhi.

Kwa asiyelijua boksi la pembe: spika yake haitazami watu. Imefichwa ndani, nyuma yake chumba kilichofungwa, mbele yake koo jembamba. Kutoka kooni njia inapinda huku ikipanuka, mpaka inatokea mdomoni, ambao ni karibu upana wote wa boksi. Ni sawa na mtu anayeita akiwa ameweka viganja pembeni mwa mdomo: pumzi ni ile ile, sauti inafika mbali zaidi. Ndiyo maana nayapenda. Kwa amplifaya ya kawaida na jenereta yangu ndogo nafunga muziki uwanjani na watu wa mwisho wanapata besi. Lakini upepo ule wote unasukuma mbao, na pale mdomoni mashavu ya boksi, yaani kuta zake za pembeni, ni mapana, tena upande mmoja hayajashikwa na kitu.

Maboksi yangu yalichongwa na karakana moja hapa mjini, siitaji. Plaiwudi ya milimita 18, rangi safi, kona zimefungwa chuma vizuri. Ndani hamna hata kipande kimoja cha kuikaza. Nilikuja kulijua hilo baadaye sana.

Shida ilijionyesha kwenye taarabu. Kuna sauti moja ya besi gitaa, kila mpigaji akiigusa, boksi lilikuwa linapayuka. Sauti nyingine zinapita na adabu zao, ile moja inajaza turubai zima na haiondoki. Dijei wangu, kijana mwenye sikio zuri, ndiye aliyeigundua: ni uzi mwembamba kuliko yote wa besi gitaa, ukipigwa bila kushikwa. Uzi huo ni hezi 98, yaani unatikisika mara 98 kwa sekunde. Kwenye singeli ilikuwa mbaya zaidi, maana pigo linafuata pigo kabla mbao hazijanyamaza na lile la kwanza, na vyote vinakuwa uji. Usiku mmoja Mtoni, mama mwenye shughuli alinijia mpaka kwenye mitambo akaninong'oneza, "Dada, mbona maneno hayasikiki?" Nilipunguza besi, muziki ukapoa. Nikaipandisha, maneno yakazama. Nilirudi nyumbani nimechukua hela ya watu na moyo mzito.

Nilishauriwa kutia sponji la godoro ndani. Nilitia, nikapoteza pesa. Wimbi la hezi 98 lina urefu wa mita tatu na nusu, kipande cha godoro cha inchi mbili hakilioni. Tena ndani ya njia ya pembe sponji linaziba kile ulichokilipia. Mwingine alisema nibandike lami kwenye kuta ziwe nzito. Uzito unashusha kimo cha sauti ambayo ubao unaiimba wenyewe, na huko chini ndiko besi inakokaa, kwa hiyo ningekuwa nimeuhamishia mvumo katikati ya muziki wenyewe.

Basi nikaelekezwa kwa huyu fundi. Karakana yake iko uani, unapita kwa wauza makochi, unapita kwa mwenye mashine ya randa, kisha unakuta mwembe na turubai la bluu. Ni mzee mwenye asili ya Mafia. Ujana wake aliumalizia kwenye majahazi na mjomba wake, na mpaka leo anaita kila kitu kwa majina ya chombo. Nilimsalimu, "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu. Kinaumwa nini?" Kabla sijamaliza kueleza alishaanza kugonga.

Anagonga kwa kifundo cha kidole cha kati, hatua kwa hatua, kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni. Karibu na kona boksi lilijibu ko, ko. Akasogea shavuni, likajibu ko yenye mkia. Alipofika ukingoni mwa mdomo likajibu bwuuu. Akanitazama. "Hili ni jahazi lisilo na mataruma," akasema, yaani zile mbavu za mbao zinazokaza chombo kwa ndani. "Mbao nzuri, lakini zinajitegemea."

Kisha akafanya jambo ambalo ningelipia kulitazama tu. Alililaza boksi kwa ubavu, shavu likaangalia juu, akanyunyiza mchanga mkavu wa pwani uliochekechwa. Dijei akafunga simu kwenye amplifaya, akacheza mlio mmoja mwembamba, sauti chini, kuanzia hezi 40, akipanda polepole. Hadi 80 mchanga ulilala. Kwenye 90 ulianza kutambaa. Kwenye 97, 98, ukaruka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, punje zikakimbia kutoka ukingo wa mdomo zikajikusanya pale ambapo ubao wa ndani umeshikana na shavu. Kwenye 105 zikatulia tena. Fundi akachukua penseli akazungushia mahali palipobaki peupe. "Hapa ndipo panapoimba. Hapa ndipo tutakapopashika."

Niliuliza kwa nini tusiongeze unene, tubandike plaiwudi nyingine juu. Akaniuliza kama nimewahi kuona kenchi ya nyumba iliyolazwa ubao bapa. Mbao ya mbili kwa nne husimamishwa kwa ubavu, kwa sababu ugumu unatoka kwenye kimo chake. Baadaye dijei alikaa na kikokotozi akanifafanulia: kutoka milimita 18 kwenda 24, sauti ya ubao ingepanda kwa theluthi tu, kutoka 98 mpaka kama 130, na boksi zima lingeongezeka uzito kwa theluthi pia. Taruma la sentimita saba, likisimamishwa kwa ubavu, linafanya zaidi ya hapo kwa kilo moja.

Na tatizo hili halipo kwa mafundi wetu peke yao. Klipsch ya Marekani ilitoa La Scala mwaka 1963, spika ya pembe yenye kuta za plaiwudi ya robo tatu ya inchi, na wenye nazo wamekuwa wakichomeka taruma mdomoni kuyatuliza mashavu yale yale. La Scala II ikaja na kuta za inchi nzima za MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. Kwa spika ya kukaa sebuleni, sawa. Yangu yanapandishwa kwenye kirikuu na vijana wawili saa tisa za usiku, na MDF ikinyeshewa mara moja inavimba kama mkate.

Kazi yenyewe sasa. Aliweka taruma moja la kukatiza mdomo, kutoka shavu hadi shavu, limesimama kwa wembamba wake kufuata njia ya sauti. Hapa niliogopa kwamba tunaziba pembe. Lakini ubao wa milimita 18 kwenye mdomo wa sentimita 60 unachukua sehemu tatu tu katika mia, na mawimbi yenye urefu wa mita tatu mpaka nane hayajui kama upo. Hakuliweka katikati kamili. Alilisogeza kidogo, ili vile vipande viwili vya shavu visipate sauti moja vikaimba pamoja. Kila shavu likapata taruma jingine kwa nje, chini ya mshikio, likienda kwa urefu. Nilidhani ningemuuliza kwa nini kwa urefu, ila jibu liko kwenye ngoma. Ngozi pana inalia chini, ukiipunguzia upana au ukiiwamba ikakaza inalia juu. Taruma linalokwenda kwa urefu linaugawa ule upana mdogo, ambao ndio unaoamua sauti.

Kwenye koo, ambako msukumo ni mkubwa kuliko kote, alitia vipande viwili vifupi nyuma ya ubao wa spika, na ndani ya chumba cha nyuma akaweka fremu yenye dirisha katikati ili hewa isigawanyike. Mlango wa nyuma ulikuwa na skrubu nane. Akaongeza zikawa ishirini, akazungushia utepe wa mpira. Kumbe hewa ilikuwa inavuja pale na mimi sijui.

Misumari hakuigusa. Kila taruma lilichimbiwa mfereji wa milimita tano, likapakwa gundi nyeupe ya mbao, likapigwa jiriwa na kulala hivyo usiku mzima. Nilishika kidole kwenye ungio la gundi kabla haijakauka, imetoka sawasawa pande zote mbili kama ufito wa shanga. Kwangu hiyo ndiyo alama ya fundi. Taruma lililogusa ubao nusu nusu ni baya kuliko kutokuwepo, maana litaanza kupiga kelele lenyewe.

Tulirudia mchanga. Kwenye 98 haukutikisika. Kwenye 120, kimya. Ulianza kujikuna karibu na 175, na mimi krosova yangu, kile kifaa kinachogawa sauti za chini na za juu, inakata besi kwenye 100, kwa hiyo huko juu boksi halipelekewi kitu cha kuliamsha. Hiyo ndiyo sababu boksi la besi linatibika kwa mataruma kirahisi kuliko spika ya sauti zote: unaupandisha mvumo mpaka ukatoka nje ya kazi yake.

Niseme ukweli kuhusu usiku wa kwanza. Dijei alilalamika kwamba besi imepungua. Nami nilihisi hivyo kwa dakika kumi. Tulikuwa tumezoea ule mpayuko tukauita besi, na sasa haupo. Akaipandisha amplifaya kidogo, na hapo tukasikia kitu ambacho hatujawahi kukisikia kwenye maboksi haya: gitaa la besi likitembea, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na kimo chake. Singeli ilipoingia, kila pigo lilikata na kuacha nafasi.

Lakini taarabu ndiyo iliyonitoa machozi. Ilikuwa Mbagala, shughuli ya kumtoa mwali. Watu wa taarabu wanakuja kwa ajili ya maneno. Fumbo likiingia, mwanamke anasimama na noti yake, anakwenda kutuza huku ananyoosha kidole kwa anayemjua mwenyewe. Fumbo lisiposikika hakuna anayesimama. Usiku ule nilihesabu wanawake kumi na mmoja wamesimama kwenye ubeti mmoja, na wa kwanza alitoka kwenye viti vya nyuma kabisa, kule ambako siku zote walikuwa wanapata mngurumo tu.

Sasa yaliyoniudhi. Aliniahidi Jumatano, nikayapata Jumamosi saa saba mchana, na nilikuwa na harusi jioni. Nililazimika kukodi maboksi ya mtu kwa shilingi 120,000, fedha ambayo haikurudi. Mzee hana msaidizi wa kuaminika na anapokea kazi nyingi, mwambieni tarehe ya siku nne kabla ya ile mnayoihitaji. Taruma la mdomo kwenye boksi la pili lilitokeza milimita chache, wavu wa mbele ukakataa kukaa. Alilipiga randa palepale bila kunung'unika. Na kingo za mataruma ya nje aliziacha kali, kijana wangu mmoja alichanika kiganja wakati wa kupakia. Mwambieni azivunje kwa msasa kabla hamjaondoka.

Kulibaki na mlio mmoja wa kuchachatika uliotusumbua wiki nzima, nikamlaumu fundi moyoni bure. Ulikuwa mshikio wa chuma, skrubu imelegea. Kuchachatika na kuvuma ni vitu viwili. Kinachochachata ni kitu kilicholegea, utakipata kwa kubana kwa mkono huku muziki unapiga.

Bei: shilingi 85,000 kwa kila boksi kwa ufundi na gundi. Plaiwudi nilinunua mwenyewe, shiti moja ya futi nane kwa nne, imetosha maboksi mawili na vipande vimebaki. Uzito umeongezeka kama kilo tano kwa boksi, vijana wamelalamika siku moja wakanyamaza. Ukilinganisha na bei ya spika mpya za inchi 18, ambazo nilikaribia kuzinunua bila sababu, hii ni hela ndogo sana.

Mawili yaliyobaki bado hayajatibiwa na sithubutu kuyaweka pamoja na wenzake, yanaharibu usafi wa yale mawili. Nayapeleka Jumatatu. Mkienda, nendeni asubuhi kabla jua halijafika kwenye mwembe, mchukue simu yenye programu ya milio na waya wa kuunganisha, mchanga anao mwenyewe. Wauza makochi pale mbele hawamjui kwa jina. Ulizeni fundi wa mataruma, watawaonyesha.