Fundi wa msasa Gikomba: kazi safi, ila linda ganda

Kuna fundi soko la Gikomba, Nairobi, upande wa wauza mbao, ambaye wengi humpelekea vitanda na meza. Mimi nilimpelekea vipande vya shina la mtarakwa anipigie msasa nisome pete zake, yaani miduara ya ukuaji inayohesabiwa kujua miaka ya mti. Nampa nyota nne kati ya tano.

Kazi hii si ya kumpa yeyote mwenye mashine. Miti yetu haifuati kalenda. Mvua zikija mara mbili, masika na vuli, mtarakwa unaweza kuweka pete mbili mwaka mmoja. Ukame ukikaza, unaweza usiweke hata moja, au uiweke upande mmoja wa shina tu. Sasa hesabu kutoka kwenye ganda kwenda ndani, uruke pete moja bila kujua: kila iliyo ndani yake imeshapewa mwaka usio wake. Pete ya 1970 unaiita ya 1971, na kosa linakwenda hivyo hadi kitovuni.

Mti wangu uliangushwa na upepo shambani kwa mjomba, Kijabe. Fundi alianza na msasa namba 80 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kuondoa alama za msumeno, akaenda 120, 220, 320, akamalizia 400. Kila akibadilisha namba alikigeuza kipande, mikwaruzo ya awali ikatike, kisha akapuliza vumbi kwa kompresa. Wapo wanaoruka kutoka 80 hadi 240: mbao inang'aa, ukiweka lenzi unaona mikwaruzo mitupu.

Nyumbani nilichora mistari miwili ya penseli kutoka kitovuni hadi kwenye ganda, mmoja upande mnene wa shina, mwingine upande mwembamba. Kati ya pete mbili zilezile, upande mnene ulikuwa na pete saba, ule mwingine sita. Nikafuata kila moja kwa ncha ya sindano chini ya lenzi, hadi nikaikamata ile iliyozidi: uzi mweusi wa safu mbili tatu za seli, unazunguka vizuri, halafu unajibana na kumezwa na pete ya jirani. Niliangalia pia kama ni pete ya uongo, yaani ile ya ziada ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ukingo wake wa nje hufifia taratibu. Huu ulikatika ghafla, kwa hiyo ni pete halali. Angeishia msasa wa 120, uzi huo usingeonekana kabisa.

Hesabu inaiweka karibu na 1984, ukame ambao wazee wanautaja hadi leo, lakini siapi. Kama kuna pete iliyokosekana mzunguko mzima, kipande kimoja hakitakuambia hata kikilainishwa kama kioo. Lazima ulinganishe mpangilio wa pete nyembamba na nene na miti mingine ya eneo hilohilo, jinsi A. E. Douglass, mwanaastronomia aliyeanzisha elimu ya kusoma pete za miti, alivyofanya kule Arizona, Marekani. Mjomba ameahidi kunitafutia nguzo za zamani za ua.

Nyota iliyopotea ni ya kijana wa fundi. Aliona ganda linalegea, akalibandua lote na kulainisha ukingo "ipendeze". Kwa meza, sawa. Kwangu pete iliyo chini ya ganda, ya mwisho kabla mti kuanguka, ndiyo pekee ninayojua mwaka wake bila kubahatisha, na aliondoka nayo. Nilikuwa na kipande kingine cha shina hilo, na fundi alinirudishia pesa ya kile kilichoharibika bila maneno mengi.

Ukienda, zungushia ukingo selotepu na uandike USIGUSE GANDA kwa kalamu nene. Atakuuliza, "Madam, nikupigie na vanishi?" Kataa. Nililipa shilingi 300 kwa kipande cha upana wa sahani, kwa M-Pesa. Msasa zaidi ya namba 400 hana, beba wako. Na fika asubuhi, kabla malori ya mbao hayajaziba njia.