Vigae vilivyoshindwa kukutana na dari la ngazi: uzoefu wangu na fundi aliyetengeneza upya choo chetu

Nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam, ni ya ghorofa moja, na nafasi ya chini ya ngazi tuliifanya choo cha wageni kama wanavyofanya wengi huku. Choo chenyewe kina urefu wa mita 2. Ukiwa mlangoni dari liko mita 2.4 juu, halafu linashuka na ngazi mpaka mita 1.2 nyuma ya sinki la kukaa. Maana yake kuta mbili za pembeni zinakatwa na mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho, na vigae vya juu kabisa vyote lazima vikatwe mshazari.

Fundi wa kwanza, aliyeweka vigae nyumba nzima, sakafu zake sina neno nazo. Kwenye choo hiki ndipo aliposhindwa. Alipima mshazari wa kigae kimoja karibu na mlango, kisha akakata vingine vyote kwa kipimo hichohicho. Vigae ni vya sentimita 30 kwa 60, vimesimamishwa wima, kwa hiyo kila upande una safu 7. Safu ya kwanza ilikaa vizuri. Ya tatu ikagusa dari kabla haijafika mahali pake, akaimega kwa koleo. Ya sita ikaacha mwanya unaoingia kidole gumba. Nilipouliza akaniambia, "Mama, dari la ngazi ndivyo lilivyo. Saruji nyeupe itaficha." Akajaza saruji nyeupe, nyembamba huku, nene kule, mstari ukapanda na kushuka kama wimbi. Baada ya miezi miwili ikaanza kupasuka na kudondoka vipande juu ya kifuniko cha sinki. Kila mgeni aliyeingia mle nilijua anaangalia nini.

Niliita mafundi wawili kwa ushauri. Mmoja alitaka tufunike dari lote kwa jipsamu. Nilikataa, kwa sababu jipsamu na fremu yake ingekula sentimita kadhaa mahali ambapo mtu mzima tayari anainama, na choo hicho dirisha lake ni dogo, unyevu haukauki haraka. Wa pili ndiye niliyempa kazi, na sababu ya kumpa ni kitu alichokifanya siku ya kwanza kabla hata ya kutaja bei.

Hakugusa kigae. Alichukua vipande viwili vya mbao vyenye unene wa sentimita 3, akakigandamiza kimoja kwenye dari upande wa mlangoni na kingine upande wa nyuma, akavuta uzi kutoka kimoja hadi kingine. Halafu akaanza kupima kwa futi kutoka kwenye uzi hadi kwenye dari. Kwenye ncha zote mbili ilikuwa milimita 30, kama ilivyotakiwa. Katikati ilikuwa 13. Akaniita. "Dada, njoo uone. Vigae vyako havina kosa. Dari ndilo lina tumbo." Milimita 17! Alinieleza kwamba zege la ngazi lilipomwagwa, huenda mirunda ya katikati haikukazwa, mbao zikanesa kwa uzito, na zege likagandia hapohapo. Aliyepiga lipu baadaye alifuata umbo alilolikuta, na penginepo akaongeza. Akarudia upande wa kulia, akakuta tumbo dogo zaidi, lakini dari lenyewe limejikunja kidogo: upande wa kulia uko chini kuliko wa kushoto kwa milimita 6.

Nakiri nilikuwa nimemlaumu fundi wa kwanza kwa kukata vibaya. Kosa lake kubwa ni kwamba alianza kukata kabla ya kujua dari limenyooka au la. Hata angekuwa na mashine bora ya kukatia, vigae vilivyokatwa kwa mstari ulionyooka visingekutana na dari lenye tumbo.

Kazi ilianza kwa kubandua vigae vya mshazari peke yake, 14 vya kuta mbili. Vitatu vya chini yake vilipasuka wakati wa kubandua, jambo ambalo alikuwa ameshaniambia litatokea. Kisha akabangua lipu ya dari kwa patasi na nyundo pale penye tumbo, na hapo tukaona kwamba tumbo lilitokana na lipu zaidi kuliko zege: lipu ilikuwa na unene wa karibu sentimita 3 katikati, wakati ncha zake hazifiki sentimita moja na nusu. Zege lenyewe halikuhitaji kuguswa. Akalowanisha, akapaka uji wa saruji ili lipu mpya ishike, akapiga lipu nyembamba na kuivuta kwa rula ya aluminiamu ya mita 2. Akaweka rula kuanzia mlangoni, katikati, nyuma, kisha mshazari wa kona kwa kona. Mwanga wa tochi haukupita chini ya rula popote. Nilifurahi sana kuona hilo.

Akaniambia tusubiri siku 7 huku tukilimwagilia maji dari asubuhi na jioni. Nilikuwa na wageni wa harusi wanakuja, nikamwomba apunguze. Alikataa kwa heshima lakini alikataa. Namshukuru kwa hilo sasa.

Aliporudi alikuja na maboksi matupu ya vigae, siyo grenda. Kwa kila safu alikata kipande cha kadibodi chenye upana wa kigae, akakisimamisha ukutani juu ya kigae cha chini, akakichonga kidogo kidogo mpaka kikafuata dari, huku akiacha nafasi ya milimita 4. Akaandika namba juu yake: K1 hadi K7 za kushoto, na R1 hadi R7 za kulia. Kwa mteremko wetu, kigae cha upana wa sentimita 30 kina tofauti ya sentimita 18 kati ya upande wake mrefu na mfupi, lakini aliponionyesha kadibodi mbili za jirani nikaona tofauti hiyo hailingani sawasawa, inapishana milimita moja au mbili. Hiyo milimita ndiyo iliyokosekana mwanzo.

Kukata alikata nje, kwa grenda yenye diski ya almasi, kigae kimelazwa chote juu ya ubao na msaidizi anamwagia maji. Ncha ile kali ndiyo inayovunjika kirahisi. Alikuwa anachanja kwanza sentimita kama 3 upande wa ncha, halafu anageuka na kuanza kukata kutoka upande wa pili hadi mikato miwili ikutane. Katika vigae 14 alivunja kimoja tu. Kisha akasugua kingo kwa jiwe mpaka nikapitisha kidole bila kukwaruzika.

Vigae vya akiba nilikuwa navyo boksi moja, na boksi moja lina vigae 8. Ikabidi nikanunue maboksi mawili zaidi Kariakoo. Hapa nataka wenzangu mzingatie: aina ni ileile, jina ni lilelile, lakini pembeni ya boksi kuna namba ya kivuli cha rangi, na ya kwangu mpya ilikuwa tofauti. Vikiwa mkononi huoni kitu. Vikiwa ukutani, chini ya taa, vipya vina weupe wa baridi kidogo. Fundi alivigundua kabla hajavipaka gundi, akavitumia ukuta wa kulia, ambao mlango ukifunguliwa unaufunika sehemu kubwa, na vya zamani akaviweka kushoto.

Kiungo cha vigae na dari hakujaza grauti (ule unga wa kujazia nafasi kati ya vigae) wala saruji. Alisema kuta na ngazi havitikisiki pamoja, watoto wanapanda na kushuka juu yake siku nzima, na kitu kigumu kikiwekwa kwenye kona ya namna hiyo kitapasuka tu. Akaweka silikoni ya bafuni, ile inayozuia ukungu, rangi ya kijivu kama grauti yetu. Alibandika utepe wa karatasi juu na chini ya kiungo, akapaka, akalainisha kwa kidole kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, akang'oa utepe kabla silikoni haijashika. Mstari ukabaki mmoja, mwembamba, kutoka mlangoni hadi nyuma.

Yapo ambayo sikuyapenda. Vumbi la kubangua lipu lilifika mpaka sebuleni kwa sababu hawakuziba mlango siku ya kwanza. Siku ya pili nilining'iniza nailoni mwenyewe. Vipande vya lipu vilidondoka kwenye tundu la maji la sakafuni, tukahangaika kuvitoa nusu siku. Na ule mkunjo wa milimita 6 kati ya kulia na kushoto bado upo. Alinieleza mapema kwamba kuuondoa kungehitaji lipu nene upande mmoja, na lipu nene juu ya kichwa huanguka. Nikakubaliana naye. Ukikaa ukatazama mbele huuoni, ukisimama mlangoni ukatafuta utauona.

Ufundi nililipa shilingi 180,000, mbali na vifaa. Jirani yangu aliona ni nyingi kwa vigae 14. Mimi sioni hivyo: nililipia uzi, rula, siku 7 za kusubiri na kadibodi, na bila hivyo vigae vingerudi vilevile. Siku jumla zilikuwa 11 tangu alipobandua cha kwanza.

Masika yamepita, choo kinatumika kila siku, na silikoni haijaachia popote. Nyuma ya sinki, pale chini kabisa, imeanza kushika uchafu kidogo, nasafisha kwa brashi laini na maji ya sabuni. Zile kadibodi 14 nimezifunga kwa kamba na kuziweka kabatini pamoja na vigae vilivyobaki, vya zamani na vipya kwenye maboksi tofauti. Kigae kikipasuka siku moja, fundi atakayekuja atakuta kipimo chake kimeandikwa namba.