Raynox DCR-250 kwa picha za wadudu bila trepie: inafaa ao mnatupa pesa?

Wale wa Bukavu mko mnaniuliza inbox "kaka, ile nzi uliipiga na lenzi gani", jibu ndiyo hii. Si lenzi ya makro ya mamia ya dola, ni kioo kidogo cha dioptri 8 (kipimo cha nguvu ya kukuza) unakibana mbele ya lenzi uliyo nayo, mdomo wowote wa milimita 52 mpaka 67 unaingia. Yangu inakaa kwenye lenzi ya zumu 55-250 ya Canon, ukivuta mpaka 250 mdudu anatua kwenye sensa mara mbili ya ukubwa wake, yaani mdudu wa milimita 11 anajaza picha upana wote!

Sasa shida. Ukubwa huo hata ukiweka tundu la lenzi f/8 sehemu iliyo safi haifiki nusu milimita, jicho linaonekana poa, bawa lote ukungu. Kufunga tundu mpaka f/22 msijisumbue, picha nzima inalegea. Dawa ni kupiga nyingi, kila moja na kipande chake safi, halafu programu inaziunganisha.

Bila trepie inawezekana kabisa. Zima otofokasi, na mkono wa kushoto shika kile kijiti mdudu amekalia, kidole gumba na cha shahada, halafu laza lenzi juu ya kiganja hicho hicho, hapo upepo ukipiga mdudu na aparei vinatikisika pamoja. Anza kabla hakuna kitu kiko safi, bonyeza mfululizo huku unainamia mbele polepole na kiwiliwili, si na mikono, mpaka upite macho na kifua. Umbali wa kioo na mdudu ni kama sentimita 12 tu, kwa hiyo kerengende wa mchana huku mtaa wa Muhumba wasahau. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, Bukavu tuko mita 1,500 hivi juu, baridi inawafanya wagande na umande mgongoni, jua likishika tu wameenda.

Flashi weka nguvu 1/32, spidi ya aparei 1/200. Nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi zaidi kwa hiyo inagandisha ule mtetemo wa mkono, tena inafuatana na mfululizo bila kuchoka. Ila ifunike na ile sponji nyeupe nyembamba wanafungia vyombo vya dukani, bila hiyo jicho la nzi linatoa nukta nyeupe mbaya sana.

Kuunganisha natumia programu ya Zerene Stacker, kuna siku 30 za kujaribu bure. Ina njia mbili za kuunganisha: PMax inashika manyoya vizuri lakini inaongeza chengachenga, DMap rangi zinabaki laini. Antena ikisogea katikati utapata antena mbili, hiyo picha itoe kwenye fungu. Na laptopu inanguruma, msianze na batarii nusu siku umeme umeenda 😅

Kasoro: ukirudisha zumu kwa 55 pembe zinakuwa nyeusi, na kibanio ni plastiki. Kioo chenyewe kina uzi wa milimita 43, kwa hiyo pete ya kubadilisha inakishika imara zaidi.

Bei ya nje iko chini ya dola 100, usafiri ndio unauma, mtume mtu anayetoka Kigali. Kama wako ni vipepeo tu chukua DCR-150, dioptri 4.8, unasimama sentimita 20 hivi na hawashtuki haraka.