Faiba yao safi, kuhamisha mteja hawakujui

Nianze na hukumu kwa wale wenye haraka: intaneti ya hawa jamaa naipa nyota 5. Namna walivyonihamisha naipa 1, na hiyo 1 ni ya fundi. Jina la kampuni siliweki, wala la ile niliyoihama, kwa sababu nina rafiki, mgeni kama mimi, aliyehama kinyume changu, akatoka kwa hawa akaenda kwa wale. Kilio chake na changu ni kimoja.

Nina miaka 6 ugenini, na miaka yote hiyo nilikuwa na kampuni moja, intaneti na simu ya mezani kwenye bili moja. Laini ilikuwa ule waya wa shaba wa simu wa zamani, na nyumba yetu iko mbali na kituo chao. Kwenye shaba umbali ndio kila kitu. Waya ukirefuka spidi inashuka, hata ulipie kifurushi cha juu kabisa. Jioni baba watoto akiwa kwenye kikao cha kazi na binti yuko kwenye masomo yake, mmoja lazima agande kwenye skrini mdomo wazi. Kwa hiyo walipopitisha faiba mtaani, yaani waya wa uzi wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, mimi sikuhitaji kushawishiwa.

Watu hunicheka kwa hiyo simu ya mezani. Wacheke tu. Namba ile anayo mama yangu, imo kwenye fomu za shule, imo kliniki, imo kwenye mkataba wa nyumba. Mama hasa ndiye sababu. Anaijua kwa kichwa, na hataki kusikia habari ya namba nyingine. Nilipojisajili nilimwambia kijana wa mauzo kwamba nahama kwa sharti moja, namba ibaki ile ile. Akanijibu kwa tabasamu, "Mama, wewe kaa utulie, kila kitu tutafanya sisi."

Sikukaa nikatulia. Jioni ile ile niliiandikia kampuni ya zamani kwamba navunja mkataba, maana walitaka notisi ya siku 30 na mimi sikutaka kulipa bili mbili. Hapo nilijichimbia shimo mwenyewe. Namba huhamishwa ikiwa hai. Laini ikishafungwa, namba inaweza kurudi kwenye ghala la wenyewe na kampuni mpya ikabaki haina cha kuhamisha. Nilitakiwa kuwaacha wapya wapeleke ombi lao kwanza, likubaliwe, ndipo nivunje mkataba. Lakini kijana wa mauzo hakunionya, na hilo ndilo la kwanza ambalo muuzaji wa laini anapaswa kumwambia mtu kabla hata ya kumtajia spidi.

Siku ya 6 ukaja ujumbe wa hawa wapya: ombi la kuhamisha namba limekataliwa, taarifa hazilingani. Taarifa gani? Ujumbe hausemi. Nikapiga. Bonyeza 1, bonyeza 4, kinanda, asante kwa uvumilivu wako, kinanda tena, dakika 50. Lugha ya watu hawa naijua ya kazini na ya dukani, natania nayo, nagombana nayo. Ya mikataba kwenye simu, na mtu anayezungumza kama anafukuzwa, ni lugha nyingine kabisa. Nilimwomba kijana wa kwenye simu aseme polepole, akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. "Mfumo umekataa. Tutatuma upya." Wakatuma upya vile vile kama mwanzo. Siku ya 15 likakataliwa tena.

Tatizo nililivumbua mwenyewe, usiku, nimetandaza bili za zamani mezani. Lilikuwa jina. Pasi yangu ina majina 3: langu, la baba, la babu. Miaka 6 iliyopita aliyenisajili alifanya la baba ndilo la ukoo, la babu akalitupa. Hawa wapya wakachukua la babu. Kwa hiyo kompyuta mbili zilikuwa zinaulizana habari za mwanamke mmoja na kila moja inajibu kuwa simjui. Asubuhi nikampigia dada wa kampuni ya zamani.

"Dada, naomba unisomee jina langu kama lilivyo humo ndani, herufi kwa herufi."

"Kwani jina lako hulijui?"

"Langu nalijua. Nataka lenu."

Alicheka, akasoma, na akasoma hadi anwani bila kuombwa. Kumbe hata namba ya mlango waliandika tofauti, herufi imegandishwa kwenye namba, huku wapya wameitenga. Nikayapeleka yote kwa wapya na makosa yake, nikawakataza kurekebisha kitu. Ombi la tatu lilipita siku ya 24. Ukitaka kuhama, anza na hilo la kusomewa jina lako. Kama mimi una majina yasiyoingia vizuri kwenye visanduku vya fomu zao, utanishukuru.

Huku nyuma kulikuwa na kasheshe ya fundi, na hiyo siwezi kuwasukumia wao peke yao. Waliniambia atakuja kati ya 8 na 12 asubuhi. Mimi nikaandika kwenye karatasi, nikabandika kwenye friji: FUNDI SAA 2 MPAKA SAA 6. Nikaenda kazini. Binti, ambaye saa anazisoma kama wanavyosoma shuleni kwake, akaona saa 2, akajua ni mchana, akatoka asubuhi yote kwenda kwa rafiki yake. Fundi alikuja saa 3 na nusu, akagonga, akaacha kadi. Kampuni ikanitoza ada ya kukosa miadi. Hiyo ada nililipa bila kelele. Kilichoniudhi ni kwamba miadi mingine ilikuwa baada ya siku 11.

Aliporudi, nilikuwepo mwenyewe, na kwa kweli yule kaka anaijua kazi yake. Alimenya waya mpaka akafika kwenye uzi wa kioo wenyewe, maikromita 125 na ngozi yake ya kioo, mwembamba kiasi kwamba ukipishana na mwanga unaupoteza. Akaupangusa kwa spirit, akaukata kwa kijimashine mara moja, kak, kisha akaulaza na mwenzake kwenye mashine ya kuunganishia. Kwenye kioo cha mashine ncha mbili zinaonekana kubwa kama mabomba, zinasogeleana zenyewe, cheche moja ya umeme, zikawa kitu kimoja. Akaniita nione. Akanionyesha na kipande cha ncha alichokata, akakitia kwenye kichupa chake na kukifunga, "hiki kikikuingia mguuni hukioni tena." Akanionya nisikunje waya kwenye kona ya kabati, na kwamba kisanduku cha ukutani kikiwasha taa nyekundu nisihangaike na ruta, tatizo liko nje. Kwenye simu hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu kwa ufasaha ule.

Spidi ipo. Mkataba unasema megabiti 500 kwa sekunde, kwa waya napata 480 na kidogo, asubuhi na jioni sawa. Chumba cha mwisho kwa waifai zinafika 60, lakini hizo ni kuta zangu. Na usipige hesabu kama shemeji yangu aliyelalamika kwamba faili la megabaiti 500 halishuki kwa sekunde 1. Baiti 1 ni biti 8, gawanya kwanza ndipo ugombane.

Jambo jingine ambalo mauzo hawalisemi: simu ya mezani sasa inachomekwa nyuma ya ruta. Ule waya wa shaba ulikuwa unaleta umeme wake kutoka kituoni, taa zikizimika bado unapiga. Huu hauleti. Umeme ukikatika, simu imekufa na intaneti imekufa. Kama nyumbani una mzee au mgonjwa, ulizia betri ya akiba kabla ya kusaini.

Namba ilihama siku ya 29, siku moja kabla ya kufungwa. Nikashangilia mapema. Kwa siku 2 waliopiga kutoka mtandao huu walinipata, wa mtandao ule waliambiwa namba haipo, na mama akawa kwenye kundi la pili. Alinipata siku ya tatu. "Mwanangu, mmehama nyumba bila kuniaga?" Nikaanza kumweleza habari za faiba, akanikatiza: "Sawa, lakini mbona sauti yako iko karibu hivyo? Uko wapi?"

Wale wa zamani nao walinitumia bili ya ruta, eti sijairudisha. Nilikuwa na risiti ya posta na picha ya namba ya mashine chini yake, nimepiga nikiwa bado sijafunga boksi. Bili wameifuta wiki iliyopita, msamaha hawakuomba. Ile karatasi ya fundi bado iko kwenye friji. Binti ameongezea chini kwa kalamu nyekundu: "Saa za nani?"