UPS ya Nyumbani Nairobi: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Stima ikipotea kwetu Umoja, huna haja ya kuangalia taa. Unasikia friji ikinyamaza, ploti nzima inasema "Aaah!" kwa sauti moja, halafu kutoka chini ya meza yangu UPS, kisanduku cha betri kinachoshika vifaa stima ikienda: piiip. Mlio huo nimeulipia mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza nilinunua vibaya. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado pesa iko mfukoni.

Kabla hujapanda matatu kwenda mjini, fanya jambo moja. Jioni, ukiwa kazini kama kawaida, zima meni swichi ya nyumba kisha ukae. Tazama ni nini kinachokufa. Mwenye laptopu atashangaa: kazi iko palepale kwenye skrini, kilichoondoka ni intaneti tu. Mwenye kompyuta ya mezani atabaki na giza na faili ambalo halikuhifadhiwa. Hao ni wanunuzi wawili tofauti, na muuzaji wa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, atawauzia wote kitu kimoja wasipojua walichofuata.

1. UPS ndogo ya ruta

Kama una laptopu, anza na hii na huenda ukaishia hapo. Ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu kidogo, unakiweka kati ya chaja ya ruta na ruta yenyewe. Stima ikienda, ruta haijui. Yangu nililipa elfu tatu na mia tano, na sijawahi kununua kitu cha umeme kilichonipa raha zaidi kwa pesa hiyo.

Usidanganywe na namba iliyo juu ya boksi. Imeandikwa 8,800 mAh na unaona kama umepata tangi la maji, lakini hesabu hiyo imepigwa kwa seli za volti 3.7. Ukizidisha, ndani mna wati-saa 32 na ushee. Ruta pamoja na kale kasanduku ka faiba vikila wati 10, na ukitoa kinachopotea njiani, una kama saa mbili na nusu. Zinatosha kwa stima za kupotea kwa kawaida.

Geuza ruta yako usome kibandiko cha chini kabla ya kutoka nyumbani. Kuna za volti 9 na kuna za volti 12, na ile ya 9 ukiichomeka kwenye tundu la 12 utarudi mjini kununua ruta nyingine. Kama faiba yako ina kasanduku kake peke yake na ruta peke yake, hakikisha UPS ina matundu mawili ya kutolea umeme.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukujulisha. Katika maghorofa mengi ya kukodisha, intaneti hupitia kisanduku kimoja cha mtoa huduma kilichofungwa chini ya ngazi, kinachotumia stima ya landilodi. Kikizimika hicho, ruta yako itawaka taa zote vizuri na hautafungua hata barua pepe moja. Muulize jirani mwenye betri kama mtandao wake hubaki stima ikienda. Jibu lake linaweza kukuokolea hiyo elfu tatu na mia tano.

2. UPS ya 650 hadi 850 VA yenye AVR

VA ni namba ya ukubwa iliyo kwenye boksi, na AVR ni kirekebisha volti. Hii ndiyo ya kompyuta ya mezani, na ndiyo inayonunuliwa kwa matumaini ya uongo. Muuzaji wangu wa kwanza aliipiga kofi juu akasema, "Boss wangu, hii inakushikia masaa mawili mazima." Haishiki. Ndani mna betri moja ya risasi na asidi, kama ya gari, volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 za kwenye karatasi, na betri ya aina hiyo ukiivuta haraka hutoa pungufu sana ya hapo. Kompyuta ndogo ya ofisi, zile za mtumba wa Uingereza, pamoja na skrini ya inchi 22, hula kama wati 80. Hapo tarajia dakika ishirini hivi betri ikiwa mpya. Ni muda wa kuhifadhi kazi, kumwandikia mteja "stima imeenda, narudi", na kuzima kwa heshima. Ukiinunua kwa ajili hiyo hutailaani kamwe.

Namba kubwa ya VA nayo si wati. Katika UPS za bei ya kawaida, 650 VA hutoa wati 360 hadi 390 tu. Kijana mwenye kompyuta ya gemu yenye kadi kubwa ya picha atazidisha mzigo wa umeme na UPS itazima yenyewe, tena sekunde ileile aliyoihitaji.

AVR usiiache hata ukiongezewa elfu moja. Stima yetu inatakiwa kuwa volti 240, lakini saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na koili na hita ya kuoga, taa hufifia. UPS yenye AVR huinua volti bila kugusa betri. Utasikia "tak" ndogo ndani, basi. Isiyo nayo hukimbilia betri kila taa zinapofifia, na kwa mwaka mmoja imeimaliza.

Sasa kosa langu la kwanza. Sikuangalia mgongoni. Nilifika nyumbani, nikafungua boksi, nikakuta mashimo yote ya nyuma ni ya zile kebo za kompyuta zenye pini zilizofichika, wala si ya plagi zetu za miguu mitatu ya mraba. Skrini yangu ina adapta yenye plagi kubwa. Nikazunguka siku mbili nikitafuta kebo ya kubadilisha, UPS imekaa mezani kama mgeni asiyepewa chai. Igeuze hapo dukani, muuzaji akiwa anaangalia.

Na mwambie aichomeke, uweke balbu, kisha aichomoe UPS ukutani. Balbu ikizimika, iache.

3. Sanduku la lithiamu la kubeba

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. UPS yangu ililia dakika zake ikanyamaza, na kulipopambazuka bado kulikuwa na mitaa inayongoja. Kwa siku kama hiyo unahitaji saa, si dakika, na hapo ndipo masanduku haya yanapoingia. La wati-saa 256 litaendesha ile kompyuta ya wati 80 kwa saa mbili na nusu au zaidi kidogo, au laptopu na ruta jioni nzima. Tafuta neno LiFePO4. Betri za aina hiyo hustahimili maelfu ya kuchajiwa.

Nimeliweka la tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu mengi huchukua milisekunde 20 au 30 kuhama kutoka stima kwenda betri. Kompyuta za mezani nyingine hustahimili, nyingine hujizima na kuwaka upya. Kwa laptopu haina shida.

4. Inveta na betri kubwa

Inveta hugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ni nzuri kwa nyumba nzima, lakini huo ni mradi wa fundi mwenye leseni na mazungumzo na landilodi. Kwa kompyuta peke yake ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi.

Ya mwisho: UPS ya mtumba

Hili ni kosa langu la pili. Ilikuwa nzito, chuma kizuri, bei nusu. Balbu iliwaka dukani. Baada ya wiki tatu ikaanza harufu ya yai lililooza, na nilipofungua kifuniko cha chini betri ilikuwa imevimba hata haitoki. Fundi aliikata chuma kuitoa. Mtumba wa UPS nunua tu ukiwa umeshaihesabia bei ya betri mpya.

Ukishaifikisha nyumbani

Ichaji usiku mzima kabla ya kuitegemea. Usichomeke pasi, wala printa ya leza, ambayo ikipasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Usiisukume nyuma ya pazia linalopigwa na jua la alasiri: kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri ya risasi hupungua karibu nusu. Kebo ya USB inayokuja nayo watu huitupa, na ndiyo inayoifanya Windows kuiona UPS kama betri ya laptopu na kuzima kompyuta yenyewe ukiwa umetoka. Kelele ya saa nane usiku huzimwa kwa kubonyeza kitufe. Soma karatasi, majirani watakushukuru. Stima ikienda, ripoti kwa Kenya Power kupitia *977# kwanza, maana huenda ni nguzo ya kwenu tu.

Betri hukaa miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Ikichoka usinunue UPS nzima, badilisha betri: ya Ah 7 na ya Ah 9 zina umbo moja, unachomoa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, unarudisha vilevile. Kuukuu usiitupe kwenye taka za mtaa, ina risasi na asidi; WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za elektroniki.

Yangu ya sasa nimeiandika tarehe ubavuni kwa maka: Machi 2024. Juzi ilishika dakika kumi na moja.