Nanga ya koleo ya kilo 10 kwenye boti ya mita 7: uzoefu wangu

Nimeitumia kwa muda wa kutosha na ninaisifu bila wasiwasi. Ni ile aina yenye bamba moja lililobonyea, ncha kali, na upinde wa bomba kwa juu. Upinde huo unaizuia isilale chali: ikianguka vibaya inajipindua, ncha inagusa chini, na kadiri boti inavyovuta ndivyo inavyozidi kuzama mchangani.

Kabla yake nilikuwa na nanga bapa ya makucha mawili. Ile nayo hushika mchanga vizuri sana na haichukui nafasi, ila upepo ukigeuka huweza kung'oka, na mwani au jiwe likinasa kwenye makucha, haishiki tena. Hii ya sasa hugeuka pamoja na boti bila kutoka mchangani. Kwangu mimi ninayelala botini, hilo pekee lilitosha.

Lakini usinunue nanga peke yake ukadhani umemaliza. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka, hata iwe nzito vipi. Nimeiunga na mnyororo wa milimita 8 uliopakwa zinki, urefu sawa na boti, kisha amari, yaani kamba ya nanga, ya nailoni. Mnyororo hulalia chini na hauogopi kusagwa na mawe; nailoni hunyumbuka wimbi linapopiga, boti isishtuke. Kamba zinazoelea sizipendi kwa kazi hii, maana hunaswa na propela kirahisi.

Amari ya kutosha ndiyo watu wanaibania. Chukua kina, ongeza kimo cha omo (mbele ya boti) kutoka majini na maji yatakayojaa. Kina mita 4, omo mita 1, maji kujaa mita 2: jumla 7. Zidisha kwa 5, unaachia mita 35. Upepo ukiwa mkali zidisha kwa 7, yaani 49. Amari yangu nimeipaka rangi kila mita 5, nisikisie gizani.

Siirushi. Naishusha mpaka iguse chini, naiacha boti irudi nyuma huku nikiachia amari taratibu, naifunga omoni (kamwe si kwenye tezi, yaani nyuma, mawimbi yataingia), kisha narudisha nyuma kwa injini polepole nikiwa nimeweka kiganja juu ya amari. Ikikaza na kutulia, imeshika. Ukisikia mtetemo wa kukatakata, inakokota. Ongeza amari au anza upya.

Kasoro ipo: inapanda na tope zito, lazima uisuuze kabla ya kuipakia. Na upinde hauingii kwenye roda (kigurudumu cha omoni cha kupitishia nanga) ya kila boti, kwa hiyo pima kwanza. Pini ya pingu inayounga nanga na mnyororo ifunge kwa waya, kwani skrubu hulegea majini. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa, mradi uweze kuinyanyua kwa mikono ukiwa umesimama omoni.