Darasa la yoga la Shela, na neno ambalo mwalimu hakulificha

Miaka 32 nimevuta henza, kamba ya kupandishia tanga. Boriti, mawe, saruji, watalii wa kwenda kuona matumbawe ya Manda Toto, yote nimeyabeba, na kiuno changu kimeweka hesabu. Kusi ya mwaka huu ilipoanza nikashindwa kuinama kuvaa makubadhi. Tabibu wa viungo akaniambia nijinyooshe kila siku bila kukosa. Binti yangu akasema, "Baba, Shela kuna darasa la yoga, na mwenyeji hulipa nusu." Nimekwenda wiki 6, mara mbili kwa wiki, kwa hivyo haya ninayoandika si maneno ya mpita njia.

Darasa liko hapo Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, juu kabisa ya nyumba ya wageni, chini ya makuti, kwenye kichochoro kinachopanda kutoka gatini. Ngazi ni 41. Mwenye kuumwa kiuno azijue mapema, maana ni za nyumba za kale, fupi upana na ndefu kwa kuinua mguu. Ukifika juu, upande mmoja waona mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda ng'ambo, upande wa pili vilima vya mchanga. Kipindi huanza saa 1 asubuhi na kwisha saa 2 na nusu. Mwenyeji shilingi 700, kwa M-Pesa, na dafu moja ndani ya bei hiyo. Anayetoka Lamu mjini, maji yakiwa yametoka, atembee ufukweni, ni kama kilomita 3. Maji yakijaa apande mashua.

Lakini kilichonifanya niandike ni mwalimu, na namna alivyolishughulikia neno lenyewe.

Kabla ya hapa nilijaribu mahali pengine, sipataji jina. Nikauliza, kama Mwislamu anavyopaswa kuuliza: hii yoga ni nini? Wakanijibu, "Mazoezi tu, mzee, haina neno." Nikakaa. Dakika ya kumi watu wakaanza kuimba kwa lugha nisiyoijua, mikono kifuani, na hakuna aliyenieleza naimbiwa nini. Nikakunja mkeka nikaondoka. Sikuondoka kwa kuchukia dini ya mtu. Niliondoka kwa sababu niliuliza swali la haki nikapewa jibu la kunituliza.

Mwalimu wa Shela ni Mhindi wa Mombasa, Kiswahili chake cha Kuze hasa. Siku ya kwanza nikamtupia swali lile lile. Akakaa chini, akasema, "Nahodha, sikufichi. Neno hili lina dini ndani yake, tena si dini moja. Nitakwambia lilikotoka, nawe utachagua utakachokifanya na utakachokiacha. Tukitaja Om, ile sauti takatifu ya kuimba, wewe nyamaza, hapana atakayekuuliza." Na kweli, wiki 6 hakuna aliyeniuliza.

Akaniuliza, "Wajua nira?" Nikamwambia nimeiona bara, ng'ombe wawili, mti mmoja shingoni. Akasema basi neno yoga latoka hapo. Mzizi wake katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni yuj, kufunga pamoja, kutia nira. Katika Rigveda, kitabu cha kale mno cha Wahindu, maneno ya mzizi huo yanahusu farasi na magari ya kukokotwa. Akachukua mianzi miwili ya pazia na kamba ili atuonyeshe, lakini fundo lake likateleza. Nikaomba ruhusa. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, ikiwa ndefu haipatikani kwa mti mmoja. Huungwa miti miwili, ncha zikapishana urefu wa mkono na zaidi, ukazungusha kamba mizunguko iliyobanana, kisha ukatia kijiti na kunyonga mpaka kamba ilie. Nikaifunga mianzi ile hivyo, akaishika pande zote mbili akajaribu kuipinda, isipinde. "Hiyo ndiyo yuj," akasema. Mianzi ile mpaka leo imetundikwa pale ukutani.

Kutoka hapo, kila kipindi, dakika kumi za mwisho huku tukinywa dafu, alilisogeza neno hatua moja. Katika Katha Upanishad, andiko jingine la kale la Wahindu, alisema, mwili ni gari, nafsi ndiye mwenye gari, akili ndiye mwendeshaji, mawazo ni hatamu, na hisi ni farasi. Yoga ni kuwashika farasi hao wasiende wanakotaka. Katika Bhagavad Gita, utenzi mtakatifu wa Wahindu, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba yoga ni kuwa sawa moyoni, upate au ukose, na mahali pengine kwamba yoga ni ustadi katika kazi. Hilo la ustadi katika kazi nililipenda mno. Mtu anayejua kazi kushika usukani, pepo zimekaza na mkono wake umetulia, ni jambo ambalo nimeliona kwa macho kwa marehemu baba yangu.

Kisha Patanjali, mtaalamu wa kale wa India aliyeandika juu ya yoga. Hapa ndipo nilipotambua kuwa mwalimu huyu amesoma kweli. Wengi hutamka kwamba yoga maana yake ni "muungano" wakaishia hapo. Yeye akasema la, kwa Patanjali mambo ni mengine. Sentensi ya pili ya maandishi yake yasema yoga ni kuzima misukosuko ya mawazo, na mfafanuzi wake wa kale akaandika wazi kwamba yoga ni samadhi, yaani utulivu wa kina. Tena lengo lake si kuunganisha. Ni kutenganisha, kumtoa yule anayeona ndani yako kutoka katika maumbile yanayoonwa. Na mikao ya mwili, hii tunayolipia? Katika sentensi zake fupi zisizofika 200, mikao imepewa chache mno, na sharti zake ni mbili: uwe imara, na uwe na raha. Hata Hathapradipika, kitabu cha karne ya 15 ambacho ni cha mazoezi hasa, kimetaja mikao 15 tu. Sasa nikikaa nawaza hayo mawili, imara na raha, na kiuno kinanitii zaidi kuliko nikiwaza kumfikia kijana aliye mbele yangu.

Wiki ya nne likatokea jambo. Alikuwapo mgeni kutoka Sri Lanka, mama wa makamo, aliyelelewa katika Ubudha. Akasema kwa upole, "Mwalimu, bibi yangu alinifunza kwamba yoga ni kitu cha kufunguliwa." Darasa likanyamaza. Mwalimu mwingine angelitetea la kwake. Huyu akasema, "Ni kweli, nipe siku mbili nilieleze vizuri."

Siku mbili baadaye akaja na daftari. Katika maandishi ya Kibudha ya lugha ya kale ya Kipali, akasema, zimetajwa yoga nne, nazo zote ni nira kwa maana ya kifungo: tamaa za mwili, kutamani kuendelea kuwapo, mitazamo iliyokushika, na ujinga wa kutoijua hali ilivyo. Mwanadamu amefungwa nazo kama ng'ombe. Na nibbana, yale mapumziko ya mwisho, yameitwa yogakkhema, usalama wa kuwa mbali na nira. Hilo neno la mwisho nalo si geni. Wahindu walikuwa nalo tangu Rigveda, kwa maana ya kupata mali na kuihifadhi, na katika Gita Krishna analitumia kuwaahidi wanaomwabudu kwamba atawabebea hayo yote. Neno lile lile, mmoja anaahidiwa kutunzwa, mwenzake anaahidiwa kufunguliwa.

Yule mama akatikisa kichwa kukubali, macho yamemlenga machozi. Mwalimu akaongeza kwa haki kwamba hata Wabudha hawakulitupa neno. Dhammapada, kitabu cha mafundisho ya Kibudha, yasema hekima huzaliwa kwa yoga, yaani kwa jitihada. Baadaye likazaliwa kundi zima lililojiita Yogachara, wenye kushika mwenendo wa yoga, la akina Asanga na Vasubandhu. Mtawa wa Kichina Xuanzang aliondoka kwao mwaka 629 na kurudi 645, na kubwa alilolifuata India lilikuwa kitabu cha kundi hilo.

Mimi nilikuwa nikiitazama ile mianzi ukutani. Kamba inayounga foromali ndiyo inayokuvusha. Lakini niliwahi kunasa nanga katika mwamba, maji yakipanda, mashua ikavutwa pua chini, na kamba ile ile ya nazi nikaikata kwa shoka. Nilimweleza mwalimu, akaandika katika daftari lake.

Kwa ndugu zangu wa Lamu watakaouliza kama nilivyouliza: siku hiyo hiyo alitutajia Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, aliyemfasiri Patanjali kwa Kiarabu katika karne ya 11. Jioni nilimpelekea habari hiyo mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Akaniambia, "Kusoma ya watu si kuyafuata. Wewe jua mpaka wako." Mpaka wangu naujua: najinyoosha, navuta pumzi, Om sisemi, na mikono kifuani siweki.

Sasa kasoro, maana zipo. Mikeka yao ya mpira huteleza ukitoka jasho, na hewa ya bahari huzidisha. Mara moja goti liliniteleza nikaangukia bega. Mimi huenda na mkeka wangu wa ukindu, chini nimeushonea kitambaa cha tanga kuukuu, hautelezi. Wageni wakiwa wengi, darasa lote hugeuka Kiingereza, na maelezo ya neno, yaliyo bora kuliko yote, hupita haraka. Nimemwomba mwalimu atenge siku moja ya Kiswahili kitupu na amesema atajaribu Jumatano. Kipindi cha jioni kinagongana na Maghribi, kwa hivyo kwa wenyeji wengi ni kama hakipo. Na la wanawake peke yao ni mara moja tu kwa wiki, Jumamosi saa 4. Mke wangu amekwenda mara mbili, asema hakutoshi.

Kiuno? Makubadhi navaa mwenyewe tangu wiki ya nne. Kunyanyua foromali bado sijajaribu peke yangu, na tabibu amenikataza mpaka kaskazi iingie. Jumatatu nakwenda tena. Mkeka wangu nimeuacha kule juu, nyuma ya mlango, chini ya ile mianzi.